Nasoma masta, nafanya kazi, nina watoto na kisukari: niache shule?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 39, ni mhasibu wa kampuni binafsi Posta, Dar es Salaam, nakaa Mbezi. Nina watoto watatu, wa mwisho ana miaka 4. Baba yao yuko Mwanza kikazi, huja mwisho wa mwezi. Nyumbani nipo na mama mkwe. Nasoma masta ya jioni, mwaka wa pili. Darasa ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nina sapu (mtihani wa marudio) moja, na natakiwa kuwasilisha pendekezo la utafiti kuhusu ulipaji kodi wa wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo, Mwanza na Arusha, dodoso 400. Mwaka jana niligundulika na kisukari aina ya 2, natumia metformin na glibenclamide. Kidonge cha jioni nakimeza saa 10 kabla sijatoka ofisini, nisije nikasahau. Mara mbili nimetetemeka na kutoka jasho darasani mpaka nikatoka nje. Usiku nikisoma herufi zinacheza. Ofisini hawajui kama naumwa wala kama nasoma, chuoni hawajui kama naumwa, na kliniki sijasema kama nasoma. Niache shule?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole, na hongera kwa kufika mwaka wa pili na mzigo wote huo. Shule usiache. Ila usiendelee hivi unavyoendelea, na cha kwanza kubadilika ni hicho kidonge cha saa 10, kabla hatujagusa habari ya chuo.

Metformin ikiwa peke yake ni nadra sana kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide ni habari nyingine. Inalisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, umekula au hujala, na nguvu yake inakaa mwilini karibu siku nzima. Ndiyo maana tunasisitiza imezwe pamoja na chakula. Sasa tuifuate Jumatatu yako. Chakula cha mchana umekula saa 7. Saa 10 umemeza dawa kwa maji. Saa 11 uko darasani. Saa 2 usiku unatoka, unasubiri mwendokasi, unasimama mpaka Kimara, unachukua bajaji, unafika nyumbani saa 4 na ndipo unapogusa sahani. Huo ni muda wa saa 9 bila chakula, na dawa ya kushusha sukari imekuwa ikifanya kazi kwa zaidi ya nusu ya muda huo. Kutetemeka na jasho ndizo dalili za mwanzo za sukari iliyoshuka. Baada yake huja kuchanganyikiwa, kisha mtu huzimia. Sitaki hilo likukute umeshikilia bomba kwenye basi lililojaa usiku.

Kwa hiyo piga simu kliniki kesho, usisubiri tarehe yako ya kurudi. Wape ratiba yako ya siku za darasa, saa kwa saa, kama nilivyoiandika hapo juu. Wanaweza kupunguza dozi, kubadili muda, au kukuhamishia dawa nyingine. Hata ndani ya kundi hilohilo la dawa ipo gliclazide, ambayo hatari yake ya kushusha sukari ni ndogo kuliko ya glibenclamide. Hadi hapo watakapokujibu, saa 10 uwe na chakula mbele yako ndipo umeze: chapati na maharage, au ndizi za kupika na yai la kuchemsha, mlo wa kweli na si biskuti mbili. Usiamue mwenyewe kukisogeza kidonge hadi saa 4 usiku ukalale nacho, maana sukari inaweza kushuka ukiwa usingizini na nyumba nzima imelala. Wala usiache dawa zote kwa hofu.

Mara mbili zile hukupima, kwa hiyo mimi nakisia kutokana na dalili. Kipimo cha kidole kikae kwenye mkoba, si kwenye kabati la nyumbani. Ukihisi hali ile, pima. Ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, chukua vijiko vitatu vya chai vya sukari au glukosi uvikoroge kwenye maji unywe, au unywe nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi. Soda isiyo na sukari haitakusaidia kitu, na chokoleti inachelewa kwa sababu ya mafuta yake. Subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado iko chini rudia. Ikishapanda, kula chakula. Kama kipimo hakiko karibu, kunywa sukari kwanza, maswali yatafuata. Na mwambie mwanafunzi mmoja anayekaa karibu nawe darasani: nikianza kuongea ovyo nipe hii glukosi, nikipoteza fahamu usinitie kitu mdomoni, nikimbize hospitali.

Kuhusu herufi kucheza: sukari inapopanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika umbo na maandishi huyeyuka mbele ya macho. Usikimbilie kununua miwani ya kusomea wakati sukari haijatulia. Ukiipima leo, baada ya wiki kadhaa haitakufaa. Lakini kuna jambo lingine hukulitaja. Mwenye kisukari aina ya 2 anatakiwa kuangaliwa jicho kwa ndani, kwenye retina, tangu anapogundulika, kisha kila mwaka. Kama mwaka jana hawakukufanyia, waombe.

Sasa shule yenyewe.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kilichonishika ni pale unaposema ofisini hawajui, chuoni hawajui, kliniki hawajui. Daktari wako amekupangia dawa za mtu anayekula chakula cha jioni nyumbani kwake saa 1. Msimamizi wako wa utafiti anamsubiri mwanafunzi mzima wa afya mwenye jioni tupu. Bosi wako anadhani saa 10 unawahi watoto. Kila mmoja anampangia kazi mtu ambaye hayupo, na wewe unajivunja ili uwe hao wote. Ratiba nzuri kiasi gani haiwezi kuponya hilo. Ndiyo maana ushauri wa kila siku, amka saa 10 alfajiri, panga muda, jitume, sitakupa. Muda umeshaupanga mpaka umeibia usingizi na chakula. Kilichobaki ni kila upande kuambiwa kile kinachouhusu. Hawahitaji kujua maisha yako yote.

Kliniki nimeshasema. Najua kwa nini ulinyamaza. Wagonjwa wetu wengi wanaosoma wanaogopa tutawaambia waache. Daktari anayejua unasoma atakupangia dawa za msomaji. Asiyejua ataona sukari inapanda na kushuka, atadhani humezi dawa, ataongeza dozi. Hapo ndipo hatari inapozaliwa.

Chuoni ndiko unakoweza kupata nafuu kubwa kuliko unavyofikiri. Wanafunzi wa jioni ninaowaona wakipotea mara nyingi hawajafeli mtihani wowote. Waliugua, au mtoto aliugua, wakaacha kujibu barua pepe za msimamizi, wakaona aibu kurudi baada ya miezi, na miaka ya usajili ikaisha wakiwa wamebakiza tasnifu. Aliyeandika barua siku ile ile alipolemewa, huyo humaliza, hata kama amechelewa. Kanuni za masomo ya uzamili za chuo chako zina kipengele cha kuahirisha mtihani na kipengele cha kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya. Zitafute, zisome, zichape. Kwa kawaida wanataka barua inayopitia kwa mkuu wa idara, ikiwa na taarifa ya daktari kutoka hospitali inayotambulika, na wanaitaka kabla ya mtihani, si baada ya matokeo kutoka. Uliza pia, na ujibiwe kwa maandishi: ukiahirisha muhula, ada inakuwaje, na muda huo unahesabiwa kwenye kikomo cha miaka yako ya usajili au hauhesabiwi? Majibu yanatofautiana chuo na chuo, na watu wameumia kwa kuamini maneno ya korido.

Kwa hali uliyonieleza, nisingekushauri uahirishe kila kitu leo. Fanya sapu muhula huu, iondoke mezani. Kozi za darasani endelea nazo, huku siku tatu zile zikiwa na chakula na dawa iliyorekebishwa. Pendekezo la utafiti ndilo ningelisogeza mbele, kwa makubaliano ya wazi na msimamizi. Mwandikie barua pepe fupi tu: una ugonjwa sugu unaotibiwa, dawa zinarekebishwa, unaomba tarehe mpya ya rasimu ya kwanza, na unapendekeza tarehe fulani. Jina la ugonjwa si lazima ulitaje. Tarehe ni lazima. Mimi pia ni msimamizi, na sisi wasimamizi tuna wanafunzi wengi. Anayetupa tarehe tunamkumbuka, anayenyamaza tunadhani amehama.

Halafu hiyo mada yako. Nilimuuliza mwenzangu anayefundisha uhasibu, naye akaniambia nilichokuwa nakihofia. Hiyo 400 najua ilikotoka: ni kanuni ya Yamane ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhojiwa, ambayo ukiweka kosa la asilimia 5 na idadi kubwa ya watu, jibu linakuja karibu na 400 kila mara. Hakuna sheria inayosema tasnifu ya masta lazima igawe dodoso 400 katika miji mitatu. Wewe ni mtu ambaye hawezi kushinda juani Kariakoo akiwabembeleza wafanyabiashara wajaze karatasi, kisha apande basi la Arusha na kurudi, huku mlo ukiruka na dawa ikisahaulika kwenye begi jingine. Na wafanyabiashara wenyewe, ukiwauliza habari za kodi, wengi watakujibu wanachodhani unataka kusikia. Ugumu huo ungekupata hata kama ungekuwa mzima.

Chagua mada ambayo data zake zinakufuata ulipo. Ripoti za fedha za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam ziko wazi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kila mwaka, na hoja za ukaguzi za halmashauri zimo ndani yake. Benki Kuu inatoa takwimu kwa miaka mfululizo. Unaweza kuzisoma Jumamosi asubuhi mezani kwako, chai ikiwa pembeni na kipimo cha sukari mkononi. Mhasibu anayejua kuisoma mizania ana utajiri hapo ambao mwenye dodoso 400 hana. Kama moyo wako uko kwa wafanyabiashara wadogo, punguza: soko moja, watu wachache, mazungumzo ya kina. Msimamizi mwema atafurahi kusikia umeipunguza.

Sasa kazini. Kazi yako ina kalenda ngumu, na kalenda hiyo inaweza kukusaidia ukiifuata badala ya kupambana nayo. Kodi ya mishahara inatakiwa TRA ifikapo tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20, kisha mwisho wa mwezi unafunga vitabu. Kuna siku chache katikati, na nyingine kuanzia tarehe 21 mpaka 27 hivi, ambazo kichwa chako kinapumua. Tasnifu iwekwe hapo. Wiki ya tarehe 1 hadi 7 usijiahidi ukurasa hata mmoja, wala usijilaumu. Na kama hesabu za kampuni zinafungwa Desemba, ritani ya mwaka inaangukia mwisho wa Juni. Mwezi huo usiuwekee utetezi wa tasnifu wala pendekezo.

Ofisini mwambie mtu mmoja, ofisa rasilimali watu au mkuu wako wa karibu, yule unayemwamini zaidi. Omba kitu kimoja chenye kipimo: siku tatu za darasa utoke saa 10 na robo baada ya kula, na uingie mapema asubuhi kufidia. Ombi la namna hiyo bosi anaweza kulikubali. Ukisema "Naomba mnielewe" tu, bosi hajui akubali nini. Fahamu pia haki zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Likizo ya mwaka ni siku 28. Siku ya kliniki, au siku ambayo sukari imekuangusha, ni ugonjwa. Usiitoe kwenye likizo ya mwaka. Hizo 28 zihifadhi kwa ajili ya kuandika sura za mwisho za tasnifu na kwa ajili ya watoto.

Nyumbani. Mama mkwe yupo, na nadhani unamstahi kiasi kwamba hujamwomba kitu. Mwombe, kwa heshima, na kwa jina la kitu chenyewe: "Mama, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa naomba watoto wale na walale kabla sijarudi, msinisubiri." Akina mama wa rika lake wanahisi wametengwa wasipopewa nafasi, na wanahisi wametumwa wakipewa amri, ukimweleza kwamba hii ni kwa ajili ya afya yako atakuwa upande wako. Muoneshe dalili za sukari kushuka na mahali glukosi ilipo. Chakula chako kisipikwe sufuria ya peke yake. Ugali au wali mdogo, mboga za majani nyingi, maharage au samaki, hicho ni chakula cha nyumba nzima na watoto watanufaika.

Baba yao naye usimwambie tu kwamba umechoka, maana kutoka Mwanza hawezi kufanya lolote na uchovu. Mpe kazi inayofanyika kwa simu. Akague hesabu za shule za mtoto mkubwa jioni za darasa lako. Ada ya muhula ailipe yeye moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo, tarehe iwe kichwani mwake badala ya kichwani mwako. Na wikiendi anayokuja mwisho wa mwezi, ambayo kwako ni ya kufunga vitabu, watoto wawe wake.

Usingizi nimeuacha makusudi hadi hapa kwa sababu najua ndio wa kwanza utakaojaribu kuukata. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaweka vijana 11, wanaume wenye afya njema, walale kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, siku 6 mfululizo. Baada ya siku hizo chache miili yao ikawa inaondoa sukari kwenye damu polepole kuliko walipopata usingizi wa kutosha. Hao hawakuwa na kisukari. Wewe unacho, na unarudi saa 4 usiku kisha unafungua kompyuta. Siku za darasa ukifika nyumbani umemaliza kusoma kwa siku hiyo: pima sukari, kula kidogo kama walivyokuelekeza kliniki, oga, lala. Kusoma kuwe Jumamosi asubuhi, na siku zile chache za mwezi nilizokutajia. Ukurasa mmoja wa asubuhi, baada ya kulala vya kutosha, unazidi kurasa nne za saa 7 usiku ambazo kesho yake utazifuta.

Kuna siku itabidi usimame, na ni vizuri ukaijua mapema ili usijadiliane nayo ikifika. Ukizimia hata mara moja. Ukipata kidonda mguuni. Sukari ikiendelea kushuka chini ya 3.9 mara kwa mara hata baada ya dawa kubadilishwa. Au ukijikuta wiki mbili hujali chochote, hutaki kula, hutaki watoto, unalia bila sababu. Huzuni ya namna hiyo huwapata zaidi watu wenye kisukari kuliko wengine, ni ugonjwa unaotibika, usiubatize jina la uvivu. Lolote kati ya hayo likitokea, ahirisha muhula kwa barua, siku hiyo hiyo, na urudi ukipona.

Lingine la kulitazama ni HbA1c. Kipimo hicho kinasoma wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, maana yake muhula wako karibu wote umo ndani yake. Omba kipimwe sasa, kabla hujabadilisha chochote, kisha tena mwisho wa muhula. Cha pili kikiwa kizuri kuliko cha kwanza, endelea na mwendo huo, hata kama tasnifu itachukua mwaka zaidi. Kikipanda, punguza kozi moja kabla ya kupunguza kingine.

Wiki hii fanya matatu tu: simu ya kliniki kesho, barua pepe ya msimamizi kabla ya Ijumaa, na kopo la chakula lenye mfuniko liingie kwenye mkoba wa Jumatatu. Mazungumzo ya ofisini yasubiri tarehe 7 ipite, bosi naye akiwa ametulia. Ukipata majibu ya HbA1c niandikie, na uniambie walikubadilishia dawa gani.